Noti ya juu haisukumwi kwa mkono

Kuna sifa moja tunapenda kuwapa wapiga tarumbeta hapa Kenya, na mimi naona imetuharibia watu. Iwe ni harusi, ni mazishi, ni gwaride la kanisa, jamaa akipanda noti ya juu hadi mishipa ya shingo isimame na macho yamtoke, umati unasema huyo ako na nguvu, huyo ni simba. Nyuma yake kuna kijana wa miaka 14 na koneti ya kuazima, anaangalia tu. Anarudi nyumbani na somo moja: ukitaka kupanda, sukuma.

Na kweli anasukuma. Mkono unavuta tarumbeta usoni, mauthpisi (kile kikombe cha chuma unachoweka mdomoni) inabana midomo kwenye meno, damu inakosa njia, midomo inakufa ganzi. Noti inatoka, sikatai. Inatoka mara mbili, mara tatu. Baada ya hapo hata zile za chini zinakataa, na kesho yake mdomo umevimba.

Sasa leo nataka tuongee historia. Siongelei historia ya nyimbo, naongelea ya mazoezi: yale mazoezi madogo ya kuchosha, yasiyopigiwa makofi na mtu, ambayo watu waliyabuni ili waongeze renji. Renji ni umbali kati ya noti yako ya chini kabisa na ya juu kabisa. Binadamu wamehangaika na hii kitu zaidi ya miaka 400, na wengi wa waliofika juu kabisa waliacha maandishi. Ukiyasoma utashangaa. Badala ya kukuambia uongeze nguvu, wanakuambia punguza sauti.

Kwanza tuelewane noti ya juu ni nini. Ndani ya tarumbeta hakuna kitu kinacholia chenyewe. Kinacholia ni midomo yako. Inafunguka na kufunga, na bomba linaikuza ile sauti. Ile G ya mstari wa pili, ambayo karibu kila mtoto huanza nayo, ni mitetemo kama 349 kwa sekunde. C ya juu, ile inayowatoa watu jasho, ni kama 932. C ya oktava inayofuata ni kama 1,865. Hebu fikiria nyama ya mdomo wako ikifunga na kufunguka mara 1,865 kabla hujamaliza kusema "moja". Inabidi hewa isukumwe kweli, hilo ni la fizikia na halina mjadala. Lakini hewa ni kitu kimoja na mkono ni kitu kingine. Ukiibana nyama kwa chuma unaizuia kufanya ile kazi yenyewe ya kutetemeka. Vita vyote vya miaka 400 viko hapo.

Turudi Ulaya ya miaka ya 1600. Tarumbeta ya wakati huo haikuwa na vali hata moja. Ilikuwa bomba tupu, refu, ile ya D ikiwa na mita mbili na zaidi, wakati ya leo ukiinyoosha ni karibu mita moja na nusu. Bomba tupu linakupa noti zake za asili peke yake, na hizo zimepangika kama ngazi iliyotengenezwa vibaya: chini vidaraja viko mbali mbali, ukipanda vinakaribiana. Ukitaka kupiga wimbo wa kawaida, do re mi zikifuatana, lazima uende hadi noti ya nane na kuendelea. Kwa hivyo wao noti za juu hazikuwa za kuringia. Bila hizo huna wimbo, uko na kelele za vita tu.

Jamaa waliokaa huko juu waliitwa wapiga klarino. Kwenye kikosi cha matarumbeta kila mtu alikuwa na sehemu yake: kuna wa chini, wa katikati, na wa klarino. Hakuna aliyelazimishwa kupiga kila kitu kuanzia chini hadi juu. Hili jambo dogo linanifurahisha sana, maana sisi leo tunamwambia mtoto mmoja afanye yote, na haraka.

Ujuzi wenyewe ulikuwa siri. Mwaka 1623 mfalme mkuu Ferdinand wa Pili aliwapa wapiga tarumbeta na ngoma kubwa hati ya kuwalinda, na kikundi chao kikawa na sheria kali za nani aruhusiwe kupiga na wapi. Kijana aliingia kwa bwana wake kama mwanagenzi, anafundishwa kwa sikio na kwa mdomo. Watu wa Pwani wataelewa hii haraka. Siwa ya Lamu na ya Pate haikuwa ya kupigwa na kila mpita njia, ilikuwa ya wenye cheo na ya sherehe zao. Chombo cha upepo mara nyingi kimekuwa mali ya wakubwa.

Kulikuwa na maandishi, lakini machache. Cesare Bendinelli, mpiga tarumbeta wa Munich, alikamilisha kitabu chake cha mkono mwaka 1614. Girolamo Fantini wa Italia alichapisha chake 1638. Johann Ernst Altenburg, mtoto wa mpiga tarumbeta hodari, alitoa kitabu kikubwa juu ya sanaa hiyo mwaka 1795, wakati kazi yenyewe imeshakufa na yeye anaishi kwa kupiga kinanda cha kanisa. Inauma. Mtu anaandika siri za ukoo baada ya soko kufungwa.

Mwenye kupenda hadithi ya nguvu atanitajia Gottfried Reiche. Huyu ndiye aliyekuwa mpiga tarumbeta mkuu wa Leipzig wakati wa Bach. Tarehe 5 Oktoba 1734 alipiga kantata ya Bach usiku, nje, mbele ya mtawala, na kesho yake akaanguka akafa. Inasimuliwa kila mahali kama ushahidi kwamba noti za juu zinaua. Tulieni. Mzee alikuwa na miaka 67, na habari za wakati huo zenyewe zinataja moshi wa mienge iliyowashwa usiku ule. Ukitaka kujua wapiga klarino walipiga vipi, angalia Brandenburg ya pili ya Bach, ile ya 1721. Tarumbeta iko juu sana, inafika hadi kidaraja cha 18 cha ile ngazi, na imewekwa pamoja na filimbi ya mbao, oboe na fidla. Filimbi ya mbao! Mtu anayebana na kupasua sauti huko juu angeifunika filimbi yote na wimbo uharibike. Muziki wenyewe unadai mtu apande juu huku ameshusha sauti.

Vali zilikuja Ujerumani, hati ya kuzimiliki ikatolewa Berlin mwaka 1818, na kila kitu kikabadilika. Sasa unaweza kupata noti zote ukiwa chini na katikati, kwa vidole. Hakuna haja ya kukaa juu. Ndani ya miongo michache ule ujuzi wa klarino ulipotea kabisa, hadi watu wakaanza kudhani Bach aliandika vitu visivyowezekana.

Kwenye hali hiyo ndipo anaingia Jean-Baptiste Arban, Mfaransa wa Lyon, aliyetoa kitabu chake kikubwa cha koneti mwaka 1864. Hadi leo mwalimu akisema "leta kitabu" mara nyingi anamaanisha hicho. Ni kikubwa kama kitabu cha simu cha zamani. Lakini tafuta ndani yake sura ya jinsi ya kupata noti za juu. Hutaipata. Kuna skeli, kuna kuunganisha noti, kuna ulimi, kuna mapambo, na kwa sehemu kubwa hakuvuki ile C ya juu. Arban alichukulia kwamba renji ni tunda la mengine yote. Alisema mauthpisi ikishakaa mahali pake isihamishwe, uwe unapanda ama unashuka. Mimi naona hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya maana kwenye vita dhidi ya mkono, ingawa wengi wanaipita mbio waende kwenye zile nyimbo za kujionyesha mwishoni.

Sasa mtu ninayempenda kuliko wote hapa ni Herbert L. Clarke, Mmarekani aliyezaliwa 1867 na kukulia kwa sehemu Toronto. Alikuja kuwa nyota wa koneti kwenye bendi ya John Philip Sousa, bendi iliyozunguka dunia. Alianza ujana wake akihangaika na noti za juu kama mtu mwingine yeyote, na aliandika hayo mwenyewe kwenye kumbukumbu zake. Mwaka 1912 akatoa kijitabu cha mazoezi ya kiufundi. Zoezi la kwanza ni aibu kwa mtu mwenye kiburi: unaanza F kali ya chini kabisa, unapanda nusu hatua nusu hatua kidogo tu, unarudi, unarudia, mara nane na zaidi, yote kwa pumzi moja, kwa sauti ndogo kabisa. Ukimaliza unahamia nusu hatua juu, unafanya vile vile. Kesho tena.

Angalia ujanja ulio hapo. Pumzi moja inakulazimisha usipoteze hewa. Sauti ndogo inakunyima nafasi ya kulazimisha. Kuanza chini na kupanda nusu hatua kunafanya midomo isijue kwamba inapanda. Hakuna mahali unaruka, hakuna mahali unaogopa. Na Clarke anakuambia waziwazi ubane mauthpisi kidogo iwezekanavyo. Kwa hivyo nyota wa bendi kubwa kuliko zote za wakati wake alijenga ile sauti yake kwa kunong'ona.

Wakati Clarke anaandika hayo, sisi huku tulikuwa tunafundishwa nini? Hili ndilo swali linalonikera, na jibu langu ni maoni yangu, mnaweza kupinga.

Tarumbeta za kizungu ziliingia Afrika Mashariki kupitia misheni na jeshi. Milio ya baragumu la jeshi la Waingereza, lile lililoamsha askari wa KAR alfajiri, inatumia noti tano tu za ile ngazi ya asili, na zote ni za chini na za katikati. Hakuna kupanda popote. Kinachotakiwa ni isikike uwanja mzima. Kutoka Mombasa na Lamu, miaka ya 1890, ikazaliwa Beni, jina lenyewe likitoka kwa neno bendi: watu wa Pwani wakachukua gwaride na matarumbeta, wakavaa sare, wakapeana vyeo, wakashindana. Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi, Tanganyika kukawa na Marini na Arinoti. Mashindano ya barabarani, bana. Ukisikika wewe umeshinda. Halafu 1921 Jeshi la Wokovu likafika Kenya na bendi zake, na hilo ni jambo zuri ambalo hatulisifu vya kutosha, maana Wakenya wengi walishika koneti ya kwanza mikononi mwa bendi ya kanisa. Lakini wimbo wa kanisa unakaa katikati ya renji. Huhitaji kuvuka mistari mitano.

Kwa hivyo tulirithi ukubwa wa sauti. Hatukurithi zoezi la kupanda, kwa sababu hakuna aliyelihitaji. Kisha zikaja rekodi za jazi, za rumba, za injili ya Marekani, vijana wakasikia noti za mbinguni na wakataka kuzipiga na silaha waliyokuwa nayo, ambayo ni ile ya gwaride. Hapo ndipo naona mdomo unapopasuka.

Na hatuko peke yetu. Louis Armstrong, aliyekuja kupiga hadi hapa Nairobi kwenye ziara yake ya Afrika ya 1960, alilipa gharama hiyo. Miaka ya mwanzo ya 1930 alikuwa anamaliza shoo kwa msururu wa C za juu, moja baada ya nyingine, watu wakipiga kelele. Midomo ikachanika. Mwaka 1935 alirudi Marekani kutoka Ulaya na ikabidi akae miezi kadhaa bila kupiga. Daktari wa upasuaji Jaime Planas alipoandika mwaka 1982 kuhusu kuchanika kwa ule msuli unaozunguka mdomo kwa wapiga tarumbeta, ugonjwa huo ulipewa jina la Satchmo, lile jina la utani la Armstrong. Fikiria hiyo. Mtu mwenye kipaji kuliko wote, na jina lake liko hospitali.

Lakini kuna jamaa mwingine wa kizazi hicho hicho, na huyu vijana wetu hawamjui kabisa. William Anderson, wakamwita Cat. Alizaliwa 1916, akapoteza wazazi akiwa mdogo, akalelewa kwenye nyumba ya mayatima ya Jenkins, Charleston, South Carolina. Nyumba hiyo ilianzishwa na mchungaji mweusi, Daniel Jenkins, mwaka 1891, na watoto walifundishwa muziki ili bendi yao ipige barabarani na kuchanga pesa za chakula. Walivaa sare kuukuu zilizotoka kwa chuo cha kijeshi cha Citadel, mji huo huo. Hiyo bendi ilifika London mwaka 1914. Kwa mtu yeyote anayejua bendi za watoto wa Korogocho, hii stori haihitaji kufafanuliwa.

Cat Anderson aliingia kwa Duke Ellington mwaka 1944, na kwa miaka mingi yeye ndiye alikuwa yule mtu wa kupanda mahali wengine wote walipoishia. Oktava nzima juu ya wengine. Ukimsikia unadhani anapasua chuma. Alipoandika mbinu yake kwenye kitabu, zoezi lake la msingi likawa hili: chukua ile G ya mstari wa pili, ile ya mtoto wa kwanza darasani, uishike kwa sauti ndogo sana, kama mnong'ono, kwa dakika 20. Unapumua, unaendelea. Noti moja, dakika 20.

Mtu wa juu kuliko wote anakuambia ukae na G. Ukiipiga kidogo hivyo, midomo ikiwa mbali mbali hakuna kitu kinatoka, ni hewa tu. Ukiibana kwa mkono, inakata. Kwa hivyo mdomo wenyewe unalazimika kutafuta ule mwanya mdogo, na kuushikilia, na ule mwanya mdogo ndio unaotumika huko juu. (Faida ya ziada kwa wanaoishi Umoja ama Pipeline: kea-teka hawezi hata kusikia. Ukipiga C ya juu kwa nguvu saa mbili usiku unajua notisi ya kuhama inakujaje.)

New York nako kulikuwa na Carmine Caruso. Ajabu yake ni kwamba hakuwa mpiga tarumbeta, alikuwa mtu wa saksofoni, na bado wapiga tarumbeta waliovunjika midomo walipanga foleni kwake. Kitabu chake kilitoka 1979. Yeye aliangalia mdomo kama mwanariadha anavyoangalia goti: ni misuli mingi midogo, na shida sio udhaifu, shida ni kwamba haifanyi kazi kwa wakati mmoja. Akaweka kanuni nne. Piga mguu chini kuhesabu. Usiondoe mauthpisi mdomoni katikati ya zoezi. Hewa itoke bila kukatika. Pumua kwa pua. Halafu unapanda kwa vipindi, hatua mbili, hatua tatu, hadi sauti yenyewe ikatae kutoka. Hakujali noti ikitoka vibaya. Alijali saa. Na mapumziko kwake yalikuwa sehemu ya kazi, sio uvivu. Wakimbiaji wetu wa Iten wangemwelewa bila mkalimani: hakuna anayekimbia marathoni kila siku ili ajifunze marathoni.

Mimi ningemtoa kijana kwa Clarke kwanza, miezi sita, kabla hajamgusa Caruso. Caruso bila mwalimu ni rahisi kugeuka kuwa kule kule kwa kusukuma, maana mtu anasikia "panda hadi ikatae" na anasahau kanuni nyingine zote.

Bado kuna ugomvi mmoja haujaisha. Claude Gordon, aliyekuwa mwanafunzi wa Clarke huko California, alitoa mwaka 1965 kitabu cha masomo 52, moja kila wiki kwa mwaka mzima. Yeye anakutaka kila siku ushuke kwanza, chini kabisa ya noti ya mwisho ambayo tarumbeta imeumbiwa, kwenye zile zinazoitwa pedali, halafu ndio upande. Anadai kushuka ndiko kunakofungua juu. Wako wanaoapa kwamba iliwaokoa. Wengine wanasema zile noti kadhaa za kwanza za pedali hazimo kabisa kwenye bomba, unazilazimisha na mdomo uliolegea, na unajifunza tabia utakayohitaji kuisahau ukirudi juu. Mimi niko upande wa hawa wa pili, hasa kwa anayejifunza bila mwalimu. Lakini wale wa Gordon wana wanafunzi wanaopiga G juu ya C ya juu wakiwa wametulia kama wanakunywa chai, na hilo siwezi kulipuuza.